Chui kumi na wawili wa oda moja: kisa kutoka karakana ya Tingatinga

Kisa hiki ni cha oda moja ya picha kumi na mbili. Nyumba moja ya wageni ya pwani, ambayo sitaitaja, ilikuwa kwenye ukarabati na ilitaka kila chumba kiwe na picha ya Tingatinga, mtindo wetu wa kuchora wanyama kwa rangi za makopo, ukutani. Meneja wake alikuja kwetu Dar es Salaam, akazunguka banda lote, mwisho akasimama mbele ya chui wangu. Chui huyo alikuwa amelala juu ya tawi la mbuyu, mkia umejikunja vizuri ubavuni, na nyuma yake anga limeanza na njano juu, likaingia rangi ya machungwa, likamalizikia na wekundu chini. Akampiga picha kwa simu, akamtumia tajiri wake, na jibu likarudi kabla hajamaliza soda.

"Fundi, tunataka hii hii. Kumi na mbili."

Ile ya ukutani ingehesabiwa ya kwanza, kumi na moja zichorwe. Bei ya jumla, theluthi moja chini ya bei ya bandani. Nusu ya fedha mkononi, nusu siku ya kukabidhi, na muda ni wiki tano. Tulikuwa mwanzoni mwa Aprili, na yeyote anayechora kwa rangi ya mafuta hapa Dar anajua Aprili ina nini.

Siku ya kukabidhi ilipofika alichukua tisa, akakataa tatu. Wenzangu wakisikia habari hii husema ni mteja mkorofi, basi. Mimi naona lipo jambo la kuchambua. Yule meneja aliamini kwamba ubunifu uliisha siku ile picha ya kwanza ilipokauka, na kilichobaki ni kutoa kopi. Sisi wa karakana tunajua kwamba katika kazi yetu sehemu kubwa ya kubuni hutokea wakati wa kurudia, na mara nyingi anayeianzisha ni rangi yenyewe kuliko kichwa cha mchoraji. Picha zile tatu zilizokataliwa ndizo zinazoonyesha jambo hilo lilivyokwenda, hatua kwa hatua.

Kwanza niseme tulikotoka, maana bila hapo mtu hawezi kuelewa kwa nini karakana nzima inachora chui, tausi na twiga walewale bila kuona aibu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapa hapa Dar es Salaam. Hakupita chuo cha sanaa. Alitumia vipande vya bodi za ujenzi na rangi za makopo, zile za kupaka milango na baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinapatikana dukani kwa bei anayoiweza. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Miaka minne tu ya kazi.

Aliacha wanafunzi, wengi wao ndugu na jamaa zake: Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia. Hawa walijifunza kwa kukaa karibu naye, kumjazia rangi, kuangalia mkono wake unavyokwenda. Alipokufa wakaendelea na wanyama walewale. Ukiziweka picha zao pamoja, mtu aliyezizoea anakuonyesha hii ya Mpata, hii ya Tedo, bila kusoma sahihi. Mnyama mmoja, mikono mbalimbali. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huu wakaunda chama cha ushirika, na mafunzo yakabaki yaleyale: mwanafunzi anaanza kwa kuosha brashi na kupaka mandhari ya nyuma, anapanda kwenye majani, anapanda kwenye manyoya, na siku moja anaachiwa mnyama mzima.

Kwa hiyo oda ya picha kumi na mbili zinazofanana si matusi kwetu. Ni kazi ya kawaida, na kwa mchoraji mwenye ada za shule za kulipa ni neema.

Sasa kazi yenyewe. Tunachora kwenye kitambaa cha pamba kilichovutwa juu ya fremu ya mbao na kupigwa rangi nyeupe ya maji, kikikauka kinapitishwa msasa kidogo. Picha hizi zilikuwa za sentimita 60 kwa 60. Juu ya weupe huo ndipo inakuja rangi ya mafuta ya mandhari. Anga kama la chui wangu hupakwa rangi zote tatu zikiwa mbichi, brashi pana inatembea kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, ikizichanganya pale zinapokutana, hadi mpaka baina yao upotee. Baada ya hapo unaacha. Huwezi kuweka chui juu ya anga bichi. Manjano ya mwili yatachanganyika na wekundu na utapata uji. Unasubiri anga likauke, unaweka umbo la mti na la chui, unasubiri, unaweka madoa, unasubiri, ndipo unaingia na brashi nyembamba kwa macho, masharubu na pembe za majani.

Ndiyo maana hatuchori picha moja moja. Tunapanga kadhaa kwa wakati mmoja, na hii ikikauka mkono uko kwenye ile. Oda hii niliigawa makundi mawili, sita kwanza kisha tano, kwa sababu kamba na vigingi vya kukaushia barazani havichukui zaidi. Kijana ninayemfundisha alikuwa na kazi ya anga na majani. Mimi chui na mti.

Kundi la kwanza lilibahatika jua. Zile sita zikatoka zimefanana na mama yao kadiri picha za mkono zinavyoweza kufanana.

Kundi la pili likaangukia mvua. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Kwanza ile thina, kimiminika cha kulainishia rangi, iliyomo ndani huruka, halafu mafuta yaliyobaki hushikana na hewa na kuwa magumu taratibu. Hewa ikiwa na unyevunyevu na baridi, hatua zote mbili zinachelewa. Ukipaka nene ndio balaa: juu panafunga utando, chini bado kubichi, na baada ya siku mbili uso unajikunja makunyanzi ambayo hayatoki ila kwa kukwangua. Wakati mwingine mng'aro unafunikwa na weupe kama pumzi kwenye kioo. Basi kijana akawa anapaka nyembamba, kama nilivyomfundisha, na akawa na muda mwingi kuliko kawaida kabla rangi haijaanza kuvuta. Akautumia muda huo. Akaendelea kusukuma wekundu kwenda juu, polepole, kwa sababu brashi ilikuwa bado inateleza. Juu ya hayo kopo la machungwa liliisha katikati, na lile jipya tulilonunua, japo lilikuwa na jina lilelile kwenye kifuniko, rangi yake ilikuwa imekolea kidogo zaidi.

Ni yeye aliyeona kwanza.

"Kaka, hizi za leo si sawa na za mwanzo."

Nikatoka kuangalia. Alikuwa kweli. Kwenye kundi la kwanza wekundu ulikuwa ukanda chini ya picha. Hapa ulikuwa umepanda karibu nusu. Lilikuwa anga zuri, na nilimwambia hivyo, lenye kina ambacho langu la kwanza halikuwa nacho. Lakini lilikuwa anga jingine. Kuyafuta yote matano na kuanza upya kwenye mvua ile kungetupeleka nje ya wiki tano, na rangi si bure. Tukayaacha.

Nikaanza kuweka chui. Picha mbili za mwanzo za kundi hili nilizichora kama zilivyokuwa zile sita, mkia umejikunja ubavuni juu ya tawi. Mkono ulikuwa umeshazoea, haukuuliza. Zilipokuwa zinakauka nikawa nazitazama kutoka mbali nikinywa chai, na kitu kikawa kinanikera. Jicho lilikuwa linaanza kwenye kichwa cha chui, linatembea mgongoni, linafika kwenye ule mkunjo wa mkia, halafu linabaki pale. Chini ya tawi kulikuwa na nusu nzima ya wekundu ambayo haina kazi. Kwenye picha ya mwanzo wekundu ulikuwa mwembamba, haukuhitaji kitu. Hapa ulikuwa mzito na mtupu.

Katika ile inayofuata nikaushusha mkia. Niliutoa nyuma ya paja, ukavuka ukingo wa tawi, ukaning'inia katikati ya wekundu hadi ukatoka nje ya picha chini. Hata kwenye ukweli wake ndivyo chui anavyolala mtini, mkia na miguu vikining'inia. Mstari mmoja mweusi na manjano, mpana kidogo kuliko kidole. Lile anga zima likapata sababu ya kuwepo. Picha ikaonekana ndefu, chui akaonekana mzito, tawi likaonekana lipo juu sana. Niliziendeleza hivyo mbili zilizobaki.

Madoa nayo yalibadilika, ingawa hilo meneja hakuligundua. Chui halisi, mwilini, ana vikundi vya madoa madogo vinavyozunguka sehemu tupu. Kichwani na miguuni ndiko kuna madoa ya kawaida yaliyojaa. Wapo wachoraji wanaotia nukta katikati ya kila duara, na wakijua wasijue wanakuwa wamemchora jagwa wa Amerika Kusini juu ya mbuyu wa Dodoma. Mimi huanza kwenye uti wa mgongo, madoa makubwa, nikishuka tumboni yanapungua. Rangi ya mafuta ikiwa na wepesi unaofaa, ukigusa kitambaa na ncha ya brashi na kuinua, doa linajisawazisha lenyewe na kubaki limevimba kidogo, unaweza kulihisi kwa kidole. Ikiwa nzito inaacha uzi kama asali. Ikiwa nyepesi inatiririka. Hapana kipimo cha kuandika, ni kuchovya na kujaribu pembeni kwenye kifuniko cha kopo. Kwenye zile tatu, kwa kuwa mkia ulikuwa unaelekea chini, madoa ya paja niliyaelekeza huko pia, yakawa yanapangika kama maji yanayotafuta mto. Sikulikusudia kabla ya kushika brashi. Nililiona likitokea nikalifuata.

Siku ya kukabidhi meneja akaja na gari na simu yake mkononi. Tukazisimamisha zote barazani. Akawa anatembea kutoka moja hadi nyingine, anaangalia simu, anaangalia picha. Kwenye tofauti ya anga alinuna, lakini akapita. Nadhani kwenye kioo cha simu machungwa yale yalikuwa yanawaka kuliko yalivyo, kwa hiyo hata ile ya kwanza haikufanana na picha yake mwenyewe. Alipofika kwenye tatu za mwisho akasimama.

"Fundi, huyu mkia umekwenda wapi?"

"Umeshuka, bosi."

"Nani kakwambia uushushe?"

Nikajaribu kumweleza habari ya wekundu na jicho. Alinisikiliza kwa adabu, hilo nampa. Kisha akasema tajiri wake alikubali picha moja, akalipia picha moja mara kumi na mbili, na mgeni wa chumba namba nane hatakiwi kuwa na chui tofauti na wa chumba namba tatu. Hapo kijana wangu akajifanya anaosha brashi zilizokwisha kuoshwa.

Mabishano yalichukua muda kuliko inavyostahili kusimuliwa. Mwisho tukakubaliana alipe tisa, achukue tisa, na nimpe tatu nyingine za mkia uliojikunja ndani ya siku kumi.

Kwa upande wa biashara alikuwa na haki. Mtu akiagiza shati la kola huwezi kumpelekea la bila kola ukamweleza shingo yake inavyopendeza. Kosa la makubaliano yetu ni kwamba neno "hii hii" lilitosha kwa wote wawili, na kila mmoja akaondoka na yake. Kwa upande wa uchoraji, ningeulizwa leo, ningeushusha tena. Naamini picha zile tatu ndizo pekee katika dazeni nzima ambamo vitu vyote vilikuwa vinasemezana: anga lililopatikana kwa sababu ya mvua, mkia uliopatikana kwa sababu ya anga, madoa yaliyopatikana kwa sababu ya mkia. Hakuna hata kimoja ambacho ningekaa mezani na penseli nikakipanga.

Tatu za fidia zilinifundisha jambo jingine, na hili ndilo ninalowaeleza zaidi vijana. Kwa kuogopa kukataliwa tena, nilikopa mojawapo ya zile tisa kabla gari halijaondoka, nikaisimamisha mbele yangu, nikachora nikiitazama. Sijawahi kufanya kazi hivyo. Sisi tunarudia kutoka kwenye mkono. Umbo la chui liko begani na kwenye kiwiko, na kila likitoka linatoka likiwa hai kwa namna yake. Sasa nilikuwa napima: sikio liko umbali gani na tawi, mkunjo wa mkia unaanzia doa la ngapi. Kila mstari ulikuwa sahihi na kila mstari ulikuwa umekufa ganzi. Masharubu yalionekana yamebandikwa. Kijana alizitazama zilipokauka, akatafuta la kusema, akasema zimenyooka.

Meneja alizipenda mno. Alisema hizi sasa ndizo.

Sina kinyongo naye, na fedha yote ilitimia. Lakini ukitaka kujua kwa nini karakana nyingi za picha za watalii zinatoa kazi zinazochosha macho, anza kutafuta hapo. Watu husema ni uvivu wa wachoraji, au kwamba Tingatinga yenyewe ni ya kurudiarudia tangu mwanzo. Nimeeleza kwamba wale wanafunzi wa kwanza walirudia na hawakuchosha. Nionavyo, kinachochosha ni kurudia huku umefungwa macho kwa kigezo, pale ambapo mabadiliko yoyote yanahesabiwa hasara. Mchoraji mwenye watoto akikataliwa mara mbili kwa mkia, hatashusha mkia tena maisha yake. Atamchora chui aliyekubalika, mwaka hadi mwaka, mpaka asimuone.

Baada ya oda ile tulibadilisha mambo machache bandani. Kila rangi ya anga la oda sasa inachanganywa yote kwa mara moja na kuwekwa kwenye ndoo yake yenye mfuniko, na juu yake tunamwaga thina kidogo ili utando usifunge. Kazi za Aprili na Mei zinapewa muda mara mbili ya zile za Januari. Na mteja wa picha nyingi hapewi nafasi ya kuchagua kwa simu. Tunamtolea tatu za aina moja, tunazipanga, tunamwambia tofauti unazoziona hapa ndizo utakazoziona kwenye mzigo mzima, na pengine zaidi. Wengine huondoka. Wengi hukaa, na wapo ambao baada ya kuona tatu hizo huanza wenyewe kuomba kila moja iwe na lake.

Zile tatu zilizorudi nilizitundika bandani kwa bei kamili. Ziliondoka kabla ya mvua kwisha, kwa wanunuzi watatu tofauti, mmoja wao Mtanzania, jambo ambalo katika biashara yetu halitokei kila wiki. Kwa hesabu ya fedha tupu, kila iliyokataliwa ilinilipa kuliko kila iliyokubaliwa.

Kisha mkia ukaanza kutembea. Mchoraji wa meza ya tatu kutoka kwangu akatoa chui mwenye mkia ulioshuka, akafuata wa ng'ambo ya njia, na sasa ukipita pale utaona mikia imening'inia kila banda. Mtu mmoja aliniuliza kwa nini siendi kulalamika ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha yangu. Mtu akiinakili kama ilivyo na kuiuza nina pa kwenda. Wazo la mkia kushuka haililindi, na sitaki ililinde. Chui mwenyewe sikumvumbua. Nilimkuta kwa waliomkuta kwa Tingatinga, na kama kila mmoja wao angemfungia kabatini, mimi leo ningekuwa napaka milango.

Ila yule wa meza ya tatu nilimfuata. Mkia wake aliutoa begani. Nikamwambia, ndugu yangu, ushushe unavyotaka, lakini anzia kwenye mgongo, nyuma ya paja. Akachukua kitambaa chenye thina akaufuta, nami nikasubiri hadi alipouweka upya.